Jiulize mbele ya kushika usukani



Kila mara ukurasa wetu wa usalama na afya unasema juu ya viatu vya kazi, miwani, vumbi, malaria na maji safi. Leo tutasema juu ya kitu kisichovaliwa wala kumezwa: tabia ya mtu kujiuliza mwenyewe. Sababu ni hii. Mwezi uliopita kijana mmoja, mtoto wa mfanyakazi wa karakana, alikuja dispensari kuchukua dawa za mama yake. Alipokwisha kupokea dawa hakuondoka. Alinionyesha katika simu yake picha ya bwana mmoja mwenye koti zuri anayejiita "kocha wa maisha". Bwana yule anaahidi kwamba kwa masomo matano, kwa malipo, mtu atageuka kuwa mtu mwingine. Kijana akaniuliza: "Dokta, watu hawa ni waganga, ni wachungaji, ao ni wanyang'anyi?"

Mimi si dokta, ni msaidizi wa munganga (watu wananiita hivyo, nimechoka kukataa). Nilimwambia kwamba ulizo lake ni zuri kuliko jibu nililokuwa nalo siku ile, na kwamba nitamjibu kwa maandiko. Basi jibu ni hili, na linagusa hata kazi yetu kwenye mashimo.

KOCHA NI GARI

Katika inchi ya Hungaria kuna kijiji kinachoitwa Kocs. Tangu karne ya 15 mafundi wa kule walitengeneza magari ya farasi mazuri ya safari, na jina la kijiji likawa jina la gari katika lugha nyingi za Ulaya. Karibu na mwaka 1830 wanafunzi wa Oxford, katika Uingereza, walianza kumwita "kocha" mwalimu wa pembeni aliyewapeleka hadi mtihani, sawa na gari linalompeleka msafiri kule anakotaka kwenda. Kisha neno likaingia katika michezo. Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunamjua sana kocha wa mpira. Yeye anasimama kando ya kiwanja na kupiga kelele mpaka sauti inakauka.

Kocha wa maisha, kama anajua kazi yake, hapigi kelele. Na aliyefungua njia hiyo alikuwa mwalimu wa michezo. Ni Mwamerika Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi. Aliona kwamba kadiri alivyomwamrisha mwanafunzi, "inua mkono, kunja goti, geuza bega", ndivyo mwanafunzi alivyozidi kukauka kama mti. Basi akaacha kuamrisha. Alimwambia tu atazame mpira, aseme neno moja wakati mpira unapogonga chini, na neno la pili wakati unapogonga raketi. Macho yakapata kazi, hofu ikakosa nafasi, na mkono ukajirekebisha wenyewe. Katika kitabu chake The Inner Game of Tennis, kilichotoka mwaka 1974, Gallwey anafundisha kwamba mchezaji ana wapinzani wawili: yule wa ng'ambo ya wavu, na mwingine aliye ndani ya kichwa chake mwenyewe, anayemlaumu na kumtisha.

Aliyepeleka njia hii viwandani na maofisini ni Mwingereza John Whitmore. Watu wa kamyo watapenda kujua kwamba bwana huyu alikuwa kwanza mwendesha magari ya mashindano, na mwaka 1965 alishinda ubingwa wa Ulaya. Alijifunza njia ya Gallwey, na mwaka 1992 akatoa kitabu chake Coaching for Performance. Humo anaeleza mazungumzo yanayosimama juu ya maulizo manne: Unataka kufika wapi? Sasa uko wapi kwa kweli? Ni njia zipi unazoweza kushika? Utafanya nini, na siku gani?

Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilicheka. Maulizo manne, na hakuna hata shauri moja! Nikasema moyoni: kuuliza tu, ni kazi ya kulipwa franka? Mtoto wangu mdogo anauliza kutwa nzima, na hakuna anayemlipa.

MASHAURI YANGU YALIYOPOTEA

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe. Kuna mzee mmoja anayeendesha kamyo kubwa za mawe. Jina lake silitaji, nimwite tu Papa wa Kamyo. Ana zaidi ya miaka hamsini, anaweza kunizaa. Karatasi hii aliisoma mbele haijachapwa, akakubali, na mahali pawili alinikosoa.

Alikuja kwangu mara tatu katika miezi michache. Mara ya kwanza kichwa kilimuuma. Mara ya pili alikuwa na kidonda cha mkono kilichokataa kupona. Mara zote mbili nilisikia harufu ya lutuku ya usiku. Na mara zote mbili nilimpa somo. Nilimweleza juu ya ini, juu ya moyo, juu ya ajali, juu ya mshahara unaokwisha mbele ya mwezi, juu ya watoto watakaobaki yatima. Nilikuwa nimesimama, yeye amekaa. Alijibu, "Ndiyo, Dokta." Nikaandika katika kitabu: amepewa mashauri. Nilijiona nimefanya kazi.

Mara ya tatu hakuja kwa miguu yake, aliletwa. Ilikuwa karibu saa kumi na moja ya alfajiri, mwisho wa posti ya usiku. Kwenye kona ya njia inayopanda kutoka shimoni, kamyo yake haikukata kona. Gurudumu la mbele lilipanda juu ya ukuta wa udongo uliowekwa kando ya njia, na kamyo ikasimama pale, imeinama. Kisha ukuta ule ni mteremko wa mita kumi. Chini yake, kwenye ngazi ya pili, watu wawili walikuwa wakitengeneza pampu ya maji. Walisikia mawe madogo yakianguka, wakakimbia.

Hakuna aliyeumia. Mmoja wa watu wale wawili ni jirani yangu, na mtoto wake anasoma kalasa moja na wangu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimemtuma Papa wa Kamyo kazini na "amepewa mashauri" kitabuni, na mashauri yale hayakuzuia kitu. Kilichozuia ni ukuta wa udongo.

Papa aliondolewa kwenye usukani kwa muda. Ilitakiwa apite kwangu na kwa munganga mbele hajarudi. Nilikuwa na juma moja la kufikiri. Kusema kweli nilikuwa nikitayarisha somo la nne, refu kuliko yote.

MWALIMU ALIYEULIZWA

Kilichonigeuza ni habari niliyoisikia katika masomo tuliyopewa sisi watu wa dispensari. Ni habari ya Mwamerika William Miller, mwenye kazi ya elimu ya nafsi. Mwaka 1982 alikuwa katika mji wa Bergen, inchi ya Norvegia, akifundisha vijana waliokuwa wakisaidia watu wa pombe. Wanafunzi wale hawakutaka masomo matupu. Walimwomba awaonyeshe anavyofanya. Na alipoonyesha, walimsimamisha kila mara: "Kwa nini umeuliza neno hilo, si lingine? Ulikuwa ukifikiri nini? Kwa nini umenyamaza hapo?" Miller alilazimika kutazama ndani ya kazi yake mwenyewe, akaona mambo aliyokuwa akiyafanya pasipo kuyajua. Mwaka 1983 aliandika yale aliyoyaona, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick walitoa kitabu kizima. Leo njia hiyo inatumika katika hospitali za inchi nyingi, kwa watu wa pombe, tumbako, kisukari na mengine.

Jambo kubwa aliloliona ni rahisi. Mtu anayekunywa sana ana watu wawili moyoni: mmoja anataka kuacha, mwingine anataka kuendelea. Mimi nikija na kusema kwa nguvu "acha!", nimechukua nafasi ya yule wa kwanza. Mgonjwa anabaki na kazi moja tu, ya kumtetea yule wa pili. Mwambie mtu "pombe itakuua", atakutafutia babu yake aliyekunywa hadi miaka tisini. Lakini ukimuuliza vizuri na kungoja, ni yeye atakayesema maneno ya kuacha, kwa kinywa chake. Na maneno ya mtu mwenyewe yana nguvu kwake kuliko maneno ya msaidizi wa munganga.

Papa wa Kamyo alipokuja nilitoa kiti cha pili, nikakaa. Nilimuuliza: "Papa, unapenda nini katika kunywa?"

Alinitazama sawa na mtu anayetafuta mtego. Hakuna mtu wa dispensari aliyewahi kumuuliza hivyo. Kisha akasema: usingizi. Kisha posti ya usiku sauti ya injini inabaki masikioni, jua linaingia dirishani, watoto wa kampi wanacheza mpira nje ya ukuta. Kikombe kimoja cha lutuku, na usingizi unakuja. Zamani kilikuwa kimoja. Sasa ni vitatu ao vinne, na siku za mapumziko hahesabu.

Nikauliza: "Na nini usichopenda?"

Alinyamaza. Ndugu zangu, sikujua kwamba kunyamaza ni kazi nzito namna ile. Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na ini mdomoni, na moyo, na yatima wote. Nilifunga mikono chini ya meza, nikangoja. Papa alipoisoma karatasi hii alisema haikuwa dakika mbili kama nilivyokuwa nimeandika, ilikuwa zaidi.

Kisha akasema kwamba mtoto wake wa mwisho, msichana, akisikia mlango wa lupango unafunguka, anazima redio na kuingia chumbani.

Hakusema neno juu ya ini. Hata kamyo hakuitaja kwanza, ilikuja nyuma. Mimi, kwa masomo yangu yote, nisingalijua hata siku moja kwamba mlango wa moyo wake ulikuwa ni redio ile.

Nilimuuliza tena: "Kutoka 0 hadi 10, kupunguza pombe kuna maana gani kwako leo?" Akasema 4. Hapa kuna ufundi kidogo ambao kila mtu anaweza kujifunza. Ukiuliza "kwa nini 4 tu, si 10?", atakupa sababu zote za kushindwa. Uliza hivi: "Kwa nini 4, si 1?" Basi inampasa kutafuta sababu za kufaulu. Papa wa Kamyo alizipata tatu: mtoto, watu wawili wa pampu, na pensheni yake isiyo mbali.

Hakuahidi kuacha pombe. Alisema kwamba hatakunywa siku ya posti, na kwamba atarudi nyumbani kwa njia ya shule, si kwa njia ya mama anayepika lutuku. Ni yeye aliyeichagua njia ya shule. Mimi ningalimpa shauri kubwa zaidi, naye angalijibu "Ndiyo, Dokta".

HESABU YA POMBE

Msifikiri kwamba anayeuliza hana ruhusa ya kufundisha kitu. Nilimwomba Papa ruhusa: "Naweza kukueleza neno moja juu ya pombe na usingizi?" Akakubali, na mara hii alisikiliza kwa kuwa neno lilifuata ulizo lake mwenyewe. Nililomwambia nalirudia hapa kwa wote.

Pombe inaleta usingizi upesi, lakini inauvunja katika sehemu ya pili. Mtu anaamka na kiu, jasho na moyo unaopiga, anafikiri amelala saa sita, na mwili haukupumzika. Kwa hiyo kesho yake anahitaji kikombe zaidi.

Tena, pombe haitoki mwilini upesi. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye alkoli 5 kwa 100, inaleta karibu gramu 28 za alkoli. Ini la mtu linaondoa karibu gramu 7 hadi 10 kwa saa. Basi chupa moja inataka saa tatu ao nne. Mtu aliyekunywa chupa tatu na kumaliza saa tano ya usiku, bado ana pombe katika damu wakati posti ya asubuhi inapoanza, hata kama amelala na anajisikia sawa. Kahawa haiondoi. Maji baridi kichwani hayaondoi. Bukari na sombe kisha kulewa haviondoi. Ni saa tu. Kwa lutuku hesabu hii haifai hata kidogo, maana hakuna ajuaye nguvu ya kila debe.

Na hapa nasimama kidogo, kwani ni neno la hatari. Mtu anayekunywa kila siku kwa wingi, na asubuhi mikono yake inatetemeka mbele hajanywa, asiache pombe kwa ghafula peke yake nyumbani. Katika siku mbili ao tatu za kwanza anaweza kupatwa na degedege, ao kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyopo, na wengine wanakufa kwa hiyo. Huyu aje kwa munganga kwanza. Ziko dawa za kumpitisha siku hizo. Mama, ukiona bwana yako ameacha jana na leo anatetemeka, anatoka jasho na kusema maneno yasiyo na mwisho, usifikiri ni mashetani. Mlete hospitali, mchana ao usiku.

SI JAMBO GENI KWETU

Wengine watasema: haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi tuna wazee wetu. Ni kweli, na wazee wetu wenyewe wanajua kazi ya ulizo. Nitoe mfano wa hapa kwetu, wa kampi ya wafanyakazi.

Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Kwanza alikuwa sawa na mimi na somo langu la ini: yeye anasema, watu wanasikiliza, watu wanajibu ndiyo. Kisha miaka akaona kwamba maneno yake hayaingii. Akaanza kuwauliza watu wenyewe wanawaza nini na wanataka nini juu ya mambo yote. Walimjibu kwamba wanataka uzima, uzazi na mapendo. Mwaka 1953 aliwekwa katika kampi ya Ruwe, karibu na Kolwezi, kati ya watu wa mashimo, na huko kikazaliwa kikundi kilichoitwa Jamaa. Humo bwana na bibi yake walijifunza kuketi pamoja na kufunguliana mawazo, jambo ambalo katika nyumba nyingi za kampi halikuwa desturi. Habari ya Jamaa ilizaa mabishano makubwa kanisani baadaye, na si kazi ya ukurasa wa afya kuyaamua. Tempels alirudi Ulaya mwaka 1962 na kufa mwaka 1977. Mimi ninachukua kitu kimoja tu: mtu aliyekuja kufundisha aligeuka kuwa mtu wa kuuliza, na ilitokea hapa, kati ya watu wa shaba.

NYUMBANI

Mama wapenzi, najua mtaniambia: "Sisi tunauliza kila siku!" Ndiyo. Lakini tazameni ulizo lenyewe. "Ulikuwa wapi?" si ulizo la kumfungua mtu, ni la polisi. "Kwa nini unatufanyia hivi?" ni lawama iliyovaa nguo za ulizo. Bibi wa Papa wa Kamyo aliniambia kwamba alibadili neno moja. Zamani alisema mlangoni, "Umekunywa tena?" Sasa anamwacha avue viatu, ale, alale, na akiamka anamuuliza, "Usiku ulikuwa namna gani?" Kisha anakaa. Siku nyingi bwana anajibu "vizuri tu". Siku nyingine anasema mengi.

Sisemi kwamba bibi anapashwa kuvumilia kila kitu kwa upole. Nyumba yenye ngumi si mahali pa maulizo. Mama anayepigwa aje dispensari ao aende kwa watu anaowaamini, yeye na watoto wake, na ukocha uwekwe kando.

Tena, mama, tunza mlango na dirisha wakati bwana analala mchana. Kitambaa kizito dirishani na watoto wapeleke mpira wao mbali kidogo. Kwa Papa wa Kamyo jambo hili dogo lilisaidia kuliko maneno yangu mengi.

SASA, YULE BWANA WA KOTI ZURI

Nimrudie kijana na simu yake. Kazi ya kocha wa kweli ni nzuri na inasaidia wengi: anayetafuta kazi, anayeogopa kusema mbele ya watu, shefu wa ekipe anayepiga kelele na kuona watu wanamkimbia. Lakini jina la kocha halilindwi sawa na jina la munganga. Mtu yeyote anaweza kuamka leo na kujiita hivyo. Kwa hiyo mpime. Anakuuliza, ao anasema yeye tu, juu ya magari yake na safari zake? Anakuachia uchague, ao anakuchagulia? Anaahidi utajiri? Anataka malipo ya masomo yote mbele hamjaanza? Na hasa: je, anajua mahali kazi yake inapokwisha? Mtu asiyelala majuma mawili, asiyekula, anayesema afadhali afe, mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, huyo hahitaji kocha, anahitaji munganga siku ileile. Kocha anayemwambia mtu wa namna hiyo "jiamini tu" anaweza kumwua. Na kocha anayemwambia mgonjwa wa kisukari ao wa ukimwi aache dawa kwa nguvu ya mawazo, mfukuzeni.

Nilimwambia kijana yule aweke franka zake. Kwa faida yake nilimpa daftari moja la kalasa, ajibu humo maulizo manne ya Whitmore kwa mkono wake, kisha aje tusome pamoja akipenda. Hajarudi bado. Labda simu ni tamu kuliko daftari.

NENO JUU YA SIRI

Wafanyakazi wengi wananiambia: "Nikikuambia ukweli, kesho nimepoteza kazi." Hofu hii ni ya kweli, na ndiyo inayowafanya watu wajifiche hadi siku ya ajali. Kwa hiyo naandika wazi. Unachoniambia juu ya nyumba yako, pombe yako na mawazo yako hakiendi kwa shefu wako. Shefu anapata karatasi yenye neno moja: anafaa, ao hafai kwa leo. Sababu haiandikwi. Lakini ukija na pombe kichwani na funguo za kamyo mkononi, nitaandika hafai, hata kama ni rafiki yangu, hata kama utanikasirikia. Watu wa pampu nao wana watoto.

MBELE YA KUPANDA

Papa wa Kamyo amerudi kwenye usukani tangu miezi mitano. Mbele hajapanda anazunguka kamyo yake sawa na sheria inavyotaka: gurudumu, taa, breki, mafuta. Yeye ameongeza zunguko la pili, la mwenyewe. Anasimama kwenye ngazi ya kamyo na kujiuliza: Nimelala saa ngapi? Mara ya mwisho nimekunywa saa ngapi? Nimebeba hasira ya nani? Ananiambia ulizo la tatu ndilo gumu. Siku moja jibu lilikuwa "ya mdogo wangu, juu ya kiwanja cha marehemu baba", akamwomba shefu wake dakika kumi, akanywa maji, akapanda. Shefu alicheka, lakini alimpa. Siku nyingine jibu la ulizo la kwanza lilikuwa "saa mbili", kwani kulikuwa na matanga kwa jirani. Alikuja kwangu, nikaandika hafai kwa leo. Aliweka kamyo, akapoteza prime ya posti ile. Ilimwuma, na sitaki kuficha kwamba ilimwuma.

Siku za mapumziko bado anakunywa, bia, si lutuku. Aliniomba niandike hivyo, watu wasiseme Dokta anamfanya mtakatifu.

Mwezi wa kwanza alisema 4. Mwezi wa tatu alisema 7. Juma hili nilimuuliza tena, akasema 6. Nilimuuliza nini kimeshuka. Akasema ni posti za usiku, zimekuwa nne mfululizo kwa kuwa mwenzake ni mgonjwa, na usingizi umepotea tena. Tumepatana arudi Ijumaa kisha kazi, na bibi yake akipenda aje naye.